Boxer kuukuu au mpya ya mkopo? Hesabu ya kijana wa Ogwedhi

Kijana wa Ogwedhi akiamua kuingia kwa biashara ya boda, milango iko miwili tu. Wa kwanza unang'aa: nduthi mpya ya mkopo, bado ina karatasi ya plastiki kwenye kiti, unaweka malipo ya awali kisha unalipa kila siku au kila wiki. Wa pili una kutu: Boxer au TVS iliyotumika miaka sita, mwenyewe anauza kwa sababu anasema anaenda Nairobi. Wengi wanachagua wa kwanza bila kufikiria mara mbili. Mimi nadhani wengi wao wangefaa kuchagua wa pili, lakini kuna sharti moja, na nitalifikia.

Kwanza tukumbushane tulivyofika hapa. Boda boda ilianza kwa baiskeli mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, miaka ya 1960. Pikipiki zilijaa vijijini baada ya serikali kuondoa ushuru wa VAT mwaka 2008 kwa zile zilizo chini ya 250cc. Bei ikashuka, India na China zikaleta mzigo, na sehemu kama Ogwedhi, pale mpakani Migori inapokutana na Narok, ambako matatu haikuwa na haja ya kufika kila boma, nduthi ikawa ambulansi, gari la shule, lori la miwa na gari la harusi. Leo huwezi kuzungumzia uchumi wa vijana wa Migori bila kuitaja. Waliokosa karo, walioacha chuo katikati, waliomaliza diploma na kukosa kazi, wote mnapatana steji.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano, nambari ni zangu, wewe weka zako. Nduthi mpya ukinunua taslimu iwe Sh180,000. Kwa mkopo unaweka Sh30,000 kisha unalipa Sh450 kila siku kwa miezi 18. Hiyo ni kama siku 540, yaani Sh243,000. Jumlisha na ile ya kwanza, umelipa Sh273,000. Kwa hivyo Sh93,000 si ya pikipiki. Ni bei ya kutokuwa na pesa. Na hizo Sh450 hazijui kama mvua imenyesha, kama una malaria, au kama wizi wa ng'ombe umeleta uhasama mpakani na watu wamejifungia nyumbani. Siku hiyo hukubeba hata mtu mmoja, lakini deni limebeba siku yake.

Upande wa pili: Boxer kuukuu ya Sh75,000, ongeza Sh15,000 ya kuifungua injini na kubadilisha vilivyokwisha. Jumla Sh90,000. Zile Sh450 za kila siku sasa ni zako. Ukiziweka kando kwa miezi sita, una Sh81,000, karibu bei ya nduthi nyingine. Shida ni kupata hizo Sh90,000 kwa mkupuo. Hapo ndipo ng'ombe wa mama anauzwa, au pesa za miwa zikilipwa Awendo, au chama kinaitwa. Na hapo ndipo makosa yanauma zaidi, maana ng'ombe wa mama hauzwi mara mbili.

Sisemi kampuni za mikopo ni wezi. Bila hizo, kuna jamaa wengi hawangewahi kugusa usukani. Lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya biashara hiyo ilifanyika bila Benki Kuu kuiangalia. Mabadiliko yalikuja Desemba 2024, Rais Ruto alipotia saini Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara, iliyowaweka wakopeshaji wasiopokea amana za wateja chini ya Benki Kuu ya Kenya. Kwa lugha ya steji: kuna mahali pa kupeleka malalamiko kuhusu riba na jinsi nduthi inavyonyakuliwa. Kabla ya kusaini, uliza swali moja tu na udai jibu kwa maandishi: nikimaliza, jumla nitakuwa nimelipa ngapi? Usiulize kwa siku. Kwa siku kila kitu kinaonekana rahisi.

Sasa lile sharti. Nduthi kuukuu ni rafiki wa mtu anayejua kuisikiliza. Ukiinunua na hujui tofauti ya plagi na koili, fundi atakuwa mkopeshaji wako mpya, tena huyu hana ofisi.

Siku ya kununua, fika asubuhi kabla mwenyewe hajaiwasha. Gusa injini kwa mkono. Ikiwa na joto, ameiamsha mapema ili usione inavyosumbua ikiwa baridi. Piga kiki polepole kwa mkono au mguu: lazima uhisi inakataa, inarudisha. Ikishuka laini kama mlango usio na kitasa, kompresheni imekwisha. Iwashe, angalia moshi. Moshi wa bluu unamaanisha inakula oili, ama ringi zimechoka au sili za valvu. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, mara nyingi chujio la hewa limejaa vumbi au choki imekwama, na hiyo ni ya bei nafuu. Mweupe kidogo asubuhi ya baridi ukipotea haraka, achana nao, ni mvuke.

Kisha fungua plagi. Hii ndiyo barua ya injini. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, iko sawa. Nyeusi kavu kama masizi, inapata mafuta mengi. Nyeusi na inateleza, oili inapanda juu. Nyeupe kama majivu, inachomeka, hewa imezidi mafuta, na ukiendelea hivyo pistoni itaumia.

Halafu cheni. Ivute kutoka nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikiachana na meno hadi unaona nusu ya jino, imekwisha, na usinunue cheni peke yake. Cheni mpya juu ya sproketi iliyoliwa inakufa haraka, kwa hivyo nunua seti. Na kwa barabara zetu za murram, kumwaga oili chafu juu ya cheni yenye vumbi ni kutengeneza msasa. Pangusa kwanza, paka baadaye.

Ikikuzimikia njiani, usianze kufungua kabureta. Najua fundi wa kwanza atakayefika atataka kufungua kabureta, sijui ni laana gani. Anza na upuzi: je, swichi ya kuzima imeguswa? Bomba la mafuta limefunguliwa? Uko kwa akiba? Kuna ugonjwa mmoja unaowapotezea watu pesa sana: nduthi inakwenda kilomita chache inazima, unasimama dakika kadhaa inawaka, inakwenda tena, inazima. Kabla ya kununua chochote, fungua kifuniko cha tangi. Ikiwaka mara moja, tundu la hewa la kifuniko limeziba na mafuta hayashuki. Sindano ya kushonea itatibu.

Kama mafuta yanafika, angalia cheche. Toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, igusishe chuma cha injini, piga kiki. Cheche ya bluu yenye nguvu ni nzuri, ya manjano dhaifu ni shida ya plagi, koili au CDI. Usifanye hivyo mahali umemwaga petroli, tafadhali. Kama cheche ipo na mafuta yapo, imebaki kompresheni. Mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi, piga kiki tena. Ikikaza, ringi ndizo mbovu. Isipobadilika, angalia valvu. Na ikiwa inakataa kuwaka tu ikiwa moto, halafu ikipoa inawaka kama malaika, shuku valvu zilizokazwa kupita kiasi au koili inayochoka kwa joto.

Kuna adui mwingine, na huyu ni wa kisiasa kidogo. VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na tangu hapo kila mtu anatafuta petroli ya bei rahisi, ikiwemo ile ya chupa kando ya barabara. Ikichanganywa na mafuta ya taa, injini inagonga, inatoa moshi na oktani inashuka. Serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua mchezo huo, na mama anayepikia stovu ndiye aliumia, lakini hiyo ni makala nyingine. Jaribio rahisi: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inapotea, mafuta ya taa yanaacha doa la grisi.

Oili nayo usiibanie. Injini ya 100cc hubeba karibu lita moja tu, na inapozwa kwa upepo na hiyo hiyo oili. Jamaa atanunua stika za Arsenal za Sh500 na kukataa oili ya bei hiyo. Sielewi.

Lakini hata ukiwa na nduthi iliyonyooka, kuna kitu hakuna anayekuuzia: kujua kuiendesha. Wengi tulifundishwa uwanjani kwa siku mbili, kluchi, gia, twende. Sheria inataka leseni ya daraja A2 kwa pikipiki na A3 kwa anayebeba abiria kwa biashara, na kanuni za NTSA za 2015 zinataka abiria mmoja, helmeti mbili na jaketi la kuakisi mwanga. Seneta wa Kakamega, Boni Khalwale, alileta mswada wa mwaka 2023 unaotaka kaunti zisimamie boda, pamoja na mafunzo. Watu wa boda walipiga kelele. Mimi naona sehemu ya mafunzo ndiyo haikufaa kupigiwa kelele. Mwaka 2024 barabara za Kenya ziliua watu 4,748, na waendeshaji pikipiki na abiria wao ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo.

Chukua breki tu. Uwanjani tunaambiwa, usiguse ya mbele, itakurusha. Ukweli ni kwamba ukifunga breki, uzito wote unakimbilia mbele, kwa hivyo gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu ya kusimamisha. Anayetumia ya nyuma peke yake anafunga tairi, anateleza kando na hasimami kwa wakati. Kwa kilomita 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde, kabla hata kidole hakijafika kwenye breki. Hiyo ni mifugo kadhaa imeshavuka barabara.

Kwenye lami: zote mbili, ya mbele ukiibana polepole halafu kwa nguvu, bila kuidaka ghafla. Kwenye murram ya changarawe: zote mbili kwa upole, nduthi ikiwa imesimama wima, na punguza kasi kabla ya kona, usisubiri uwe ndani yake. Kwenye tope baada ya mvua: gia ya chini, mafuta yasiyobadilika, macho mbali. Ukitazama shimo, utaingia shimo. Na ile tabia ya kuzima injini ukiteremka mlima ili kuokoa mafuta, ukiwa na mama na mtoto nyuma, unaokoa shilingi kumi na kupoteza nguvu ya injini inayokusaidia kuzuia kasi. Breki za ngoma zilizo kwenye Boxer nyingi zikipata moto sana, zinalegea.

Mahali pa kujifunza pasiwe barabara kuu ya Migori kwenda Isebania kukiwa na malori. Tafuta uwanja wa shule Jumapili jioni, weka chupa mbili, jaribu kusimama katikati yake kwa kasi tofauti, bila abiria. Nusu saa, wiki nne. Helmeti isiwe ile ya kofia ya ujenzi. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69, lakini ikiwa imefungwa kidevuni. Iliyoning'inia kwenye usukani haijawahi kumwokoa mtu.

Kitu cha mwisho kwa anayenunua kuukuu, na hiki kinawafunga watu selo. Linganisha nambari ya injini na ya chesisi na zile za logbuku, kwa macho yako, mchana, ukiwa na kitambaa cha kupangusa grisi. Zikiwa zimesuguliwa, ondoka hata kama bei ni nusu. Zikilingana, hamisha umiliki kupitia tovuti ya NTSA kwenye eCitizen kabla hujamaliza kulipa pesa zote. Sheria ya Trafiki inakupa siku 14. "Nitakutumia PIN nikifika Nairobi" si stakabadhi, omera. Mwenyewe akifika Nairobi, simu huwa inazima.