Mvua ya mawe, pikapu ya mjomba, na kwa nini hatukupaka rangi

Haya, leo siandiki kuhusu programu. Au tuseme naandika kuhusu programu kwa kupitia mlango wa nyuma. Wale mnaokuja hapa kusoma habari za Linux na hifadhidata, vumilieni kidogo, tutafika.

Mjomba wangu ana pikapu. Aliinunua kwa mkopo wa benki, na hadi leo kitabu cha gari kina majina mawili: lake na la benki. Gari lenyewe lilikuwa na miezi saba tu barabarani wakati haya yalipotokea. Kazi yake ni kubeba viazi kutoka Njabini, kule Kinangop, hadi soko la Kawangware. Jioni analilaza kwenye yadi ya kulipia karibu na Olympic, kisha anatembea kwa miguu hadi Raila, ambako sisi sote tumekaa tangu nikiwa mtoto. Wasioijua Raila: ni kijiji kimojawapo cha Kibera, na ndiyo, kimeitwa kwa jina la yule mwanasiasa unayemfikiria.

Sasa, Kinangop iko juu, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, na nyanda za juu za Kenya zinajua mvua ya mawe vizuri. Mashamba ya majani chai ya Kericho na Nandi yanajulikana duniani kwa kupigwa na mawe mara kwa mara, hata miaka ya 1960 na 1970 ndege zilitumwa kunyunyizia mawingu kemikali ili kupunguza hasara. Mwaka 2008, karibu na Nyahururu, mawe yalianguka mengi yakagandamana hadi wakazi wakadhani ni theluji. Kwa hiyo siyo jambo geni. Ila ni geni likikukuta shambani, gunia la ishirini likipakiwa, na hakuna mti wala kibanda cha kuficha gari.

Dakika kumi tu. Kioo cha mbele kilipona. Boneti na paa, hapana.

Kwanza nilihesabu

Mjomba alinipigia simu usiku huo. "Mpwa, wewe umesoma kompyuta. Njoo uniambie nifanye nini." Sijui digrii ya kompyuta inahusiana vipi na bati la gari, lakini mjomba akiita unaenda.

Nilifanya jambo moja ambalo naweza kulifanya: nikaorodhesha hitilafu. Tulienda yadini gizani na taa ndefu ya tyubu. Ukiishika taa hiyo chini, karibu na bati, mstari wa mwanga unajipinda kila penye denti. Mchana wa jua kali utaona kumi; usiku kwa tyubu utaona zote. Tukazizungushia chaki. Paa 46, boneti 29, sehemu ya juu ya milango 5. Jumla 80.

Halafu nikarudia zote themanini kwa kamera ya simu na ukucha, nikitafuta kitu kimoja: je, rangi imepasuka? Jibu: tatu tu. Mbili kwenye boneti, moja kwenye ukingo wa paa. Shikilia hesabu hiyo, maana ndiyo iliyoamua kila kitu.

Njia tulizokuwa nazo

1. Kudai bima. Mjomba ana bima kubwa kwa sababu benki ilimlazimisha (ile ndogo ya lazima, ya kulipa wengine, haigusi mvua ya mawe hata kidogo). Gereji iliyopendekezwa ingebadilisha boneti, ingepiga paa puti na rangi upya. Siku 12. Mjomba angejilipia shilingi 60,000 za kwanza, na angepoteza punguzo analopewa kwa kutodai.

2. Fundi wa bodi wa jua kali, jirani yetu hapa Raila mwenye kibanda Kawangware. Puti, msasa, praima, rangi. Siku 4, shilingi 45,000.

3. Kunyoosha bila rangi. Fundi anaingiza vyuma virefu nyuma ya bati na kusukuma denti polepole kutoka ndani, akiangalia mwanga unavyonyooka. Pasipofikika kutoka ndani, anagundisha kishikio kwa gundi juu ya rangi na kuvuta. Kwa denti zote, shilingi 70,000, siku 2.

4. Kuacha kama ilivyo.

Kuna na ile ya tano ya kwenye video za intaneti: pasha moto kwa mashine ya kukausha nywele, halafu poza ghafla kwa barafu kavu, denti inaruka yenyewe. Usijisumbue. Bati likipindwa kidogo hurudi lenyewe. Likivuka kiwango fulani linabaki na umbo jipya. Jiwe la sentimita mbili na nusu linaweza kushuka kwa kasi ya kilomita 40 hadi 65 kwa saa, na bati la gari huwa na unene usiofika milimita moja. Denti iliyobaki hadi asubuhi imeshakuwa umbo jipya. Joto la mashine ya saluni halitaibadilisha.

Nilikosea wapi

Nakiri: mimi nilitaka bima. Nilitengeneza jedwali safi lenye rangi za kijani na nyekundu, na bima ikashinda. Boneti mpya! Kila kitu kama kilivyotoka kiwandani!

Mjomba akaangalia jedwali langu kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja: "Hizi siku kumi na mbili, nani atalipa benki?"

Sikuwa nimeweka safu ya siku. Mtu mzima na digrii yangu! Anaenda Njabini mara tatu kwa wiki, na kila safari, baada ya mafuta na wapakiaji, inamwachia kama shilingi 6,000. Siku 12 ni safari tano zimepotea, yaani 30,000. Jumlisha na 60,000, bima "ya bure" inagharimu 90,000 na punguzo limekwenda. Puti inagharimu 45,000 na safari mbili, yaani 57,000. Kunyoosha ni 70,000, na kwa kuwa hasafiri Jumapili na Jumatatu, hakuna safari inayopotea.

Kwa hesabu hiyo puti inashinda. Na hapa ndipo nilipoamini mjadala umekwisha, tukaenda kwa fundi.

Fundi alikataa kazi

Alizunguka gari mara mbili. Akapapasa paa kwa kiganja. Akamwambia mjomba: "Mzee, nikikupiga puti hapa nitakula pesa yako. Rangi hii haijakufa. Kwa nini niitoboe?"

Huyu ni mtu aliyekuwa anaikataa kazi ya shilingi 45,000, mwezi wa Januari, watoto wakirudi shule.

Akatueleza, na nilipokwenda kusoma baadaye nikaona alikuwa sahihi kabisa. Rangi ya kiwandani siyo rangi tu. Bodi nzima, ikiwa tupu, huzamishwa kwenye birika na mkondo wa umeme ukaivutia tabaka la kwanza la kuzuia kutu hadi kwenye pembe ambazo hakuna brashi inayofika. Kisha huokwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 140, ndipo yaje matabaka mengine. Yote pamoja ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita au zaidi kidogo, unene wa karatasi moja ama mbili. Gari likishawekwa viti, nyaya na plastiki, huwezi kuliokea joto hilo tena. Hata gereji nzuri yenye chumba cha kupakia rangi hukausha kwa nyuzi kama 60. Kwa hiyo ukipiga msasa hadi bati litoke, umeondoa kitu ambacho hakuna mtu Nairobi, wa jua kali wala wa gereji ya vioo, anayeweza kukirudisha sawasawa.

Na puti ikiwekwa nene, hunyonya maji pale inapopata ufa, na huweza kupasuka gari likitikisika. Pikapu ya viazi hutikisika kila siku.

Mtu wa Raila haelezwi hili mara mbili. Angalia paa lako la mabati. Kutu haianzii katikati ya bati. Inaanzia kwenye tundu la msumari na palipokatwa, pale ngozi ya juu ilipoondolewa. Bati lililobonyea bila kutoboka hukaa miaka.

Pia kuna siku ya kuuza. Mnunuzi wa Nairobi haji peke yake, anakuja na fundi wake, na fundi huyo anagonga milango kwa kifundo cha kidole na kuuliza, "Hii ilipigwa rangi kwa nini?" Hata ukisema mvua ya mawe, yeye anasikia ajali. Kwa gari la miaka kumi na tano hilo si kitu. Kwa gari la miezi saba ni pesa nyingi.

Sasa tumefika kwenye programu

Mwaka 2000 Joel Spolsky aliandika makala ambayo kila anayeandika programu anapaswa kuisoma, kuhusu kosa la Netscape kuamua kuandika kivinjari chao upya kutoka mwanzo. Netscape 4 ilitoka 1997, toleo la 5 halikutoka kabisa, na la 6 likaja mwishoni mwa 2000. Katika miaka hiyo mitatu Internet Explorer ilijinyakulia watu. Hoja yake ni kwamba programu ya zamani inayoonekana chafu imebeba marekebisho mengi yaliyopatikana kwa shida, na ukiitupa unayatupa yote.

Kupaka gari jipya rangi upya kwa sababu ya denti ni kosa lile lile. Tunaona uso una kasoro, tunataka uso mpya, na tunasahau kilicho chini yake.

Maoni yangu basi ni haya: swali la kwanza lisiwe "itaonekanaje?" bali "nini bado ni kizima, na njia ipi inakigusa kidogo zaidi?" Katika denti 80, rangi ilikuwa nzima kwenye 77. Gereji ya bima ilitaka kutibu zote kana kwamba zimepasuka. Sisemi bima ni mbaya. Kama kioo kingevunjika na rangi ingepasuka kila mahali, ningekuwa wa kwanza kujaza fomu.

Tulichofanya

Fundi alituelekeza kwa kijana aliyewahi kujifunza kwake, ambaye sasa ananyoosha kwa vyuma. Mjomba akapunguza kazi: boneti na milango tu, denti 34, shilingi 32,000, Jumapili moja. Paa akaliacha. Kulifanya kungehitaji kushusha kitambaa chote cha ndani, na, kwa maneno yake, "viazi haviangalii paa." Atalifanya mkopo ukiisha, akitaka.

Zile tatu zilizopasuka alizishughulikia fundi wetu mwenyewe, kwa brashi ndogo, baada ya kusafisha na kuzuia kutu, akitumia rangi iliyochanganywa kwa nambari iliyo kwenye kibati cha gari. Hizo hazikungoja hata wiki. Denti inaweza kungoja, ufa hauwezi.

Na tuliiandikia kampuni ya bima barua, pamoja na picha, kueleza kilichotokea bila kudai chochote, ili siku ya ajali mtu asianze kubishana kuhusu denti za zamani. Nakushauri ufanye hivyo, na usome mkataba wako kabla ya mvua, siyo baada.

Boneti sasa ni kama kioo. Ukiweka tyubu usiku utaona mawimbi mawili madogo pale zilipokuwa zile zilizopasuka. Basi.

Jambo ambalo bado linanisumbua

Fundi alitoza shilingi 1,500 kwa zile nyufa tatu. Ushauri uliookoa gari hakutoza kitu. Angetudanganya, angepata mara thelathini ya hiyo, na sisi tungemshukuru.

Sisi tunaoandika programu tunalia kila siku kwamba wateja hulipia mistari tuliyoandika na siyo ile tuliyowashauri wasiandike. Lakini tukifika kwa fundi tunafanya yale yale: tunalipia nyundo na puti, kichwa chake tunakichukua bure. Halafu tunashangaa kwa nini mafundi hupaka rangi kila kitu.

Mjomba alimpelekea gunia la viazi na shilingi 5,000 juu. Fundi alichukua gunia, pesa akazirudisha mara mbili, mara ya tatu akazipokea. Mimi nadhani ilikuwa bado kidogo. Mjomba anasema mimi napenda kujadili bei kinyumenyume :-)

Wewe ungelipa ngapi?