Muswada Si Gunia la Alizeti

Imo katika biashara ya filamu ya Tanzania dhana moja iliyokwisha kuota mizizi: kwamba mwandishi anayeuza muswada wake wa mwanzo hauzi, bali anasaidiwa. Apewacho ni hisani. Ashukuru, atie saini, aende zake. Dhana hiyo ni batili, na madhara yake hayaishii kwa mwandishi peke yake. Inaila filamu yenyewe kutoka ndani.

Na achukuliwe kwa mfano kijana wa Mkiwa, kijiji cha Mkoa wa Singida kilichopo njia panda, pale ambapo barabara itokayo Manyoni kwenda Singida mjini inaachana na ile iendayo Itigi, Rungwa hadi Makongolosi. Kwa sikio la mpwani jina hilo lina uchungu: mkiwa ni aliyebaki peke yake, asiye na wa kumtetea. Asili ya jina la kijiji na iwe iwavyo, maana hiyo inamfaa mwandishi huyu. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam, waliko watayarishaji wengi, ni takriban kilomita 600. Hana wakili, hana chama, hajui bei. Anacho kisa alichokiandika kwa miezi, usiku, baada ya kazi za shamba. Siku mtayarishaji atakapomwambia kuwa kisa chake kimependeza, atafanya lile alilowaona wazee wake wakilifanya kila msimu: atakabidhi mzigo, atapokea fedha, mambo yameisha. Mauzo anayoyafahamu ni ya alizeti.

Lakini muswada si gunia la alizeti. Alizeti ikishakamuliwa haikamuliwi tena. Filamu hukamuliwa kila inapooneshwa: leo kwenye televisheni, kesho mtandaoni, mwakani katika nchi ya jirani. Ndiyo maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 ikailinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Zanzibar nayo ina sheria yake, Na. 14 ya 2003. Haki hiyo huzaliwa pamoja na kazi, wala haingoji muhuri wa ofisi yoyote. Kinachoiondoa mikononi mwa mwenyewe ni saini yake. Kijana wa miaka 22 anayeuza kila kitu kwa malipo ya mara moja huuza pia urithi wa wajukuu ambao hawajazaliwa.

Ada hii ina historia. Katika zama za kanda na diski, miaka ya 2000, mtayarishaji aliyekwisha kupiga filamu aliipeleka kwa msambazaji, na mara nyingi akaiuza nakala mama pamoja na haki zake zote kwa mkupuo mmoja. Filamu ilipigwa kwa wiki moja au mbili, kisha ikakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili mtazamaji alipe mara mbili. Aliyenunuliwa kwa jumla naye akanunua kwa jumla, na mwandishi, aliyekuwa wa mwisho kwenye mstari, akapata makombo. Mara nyingine hakuwapo mwandishi kabisa: palikuwa na muhtasari wa matukio, na waigizaji wakajisemea yaliyowajia. Halafu watu wakauliza kwa nini visa vinafanana!

Mwezi wa Aprili 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo kuzipinga filamu za nje zilizokuwa zikiuzwa kiholela na kuua soko la kazi zao. Madai yao yalikuwa ya haki. Hata hivyo, anayepiga kelele za mwizi barazani na ahesabu pia kilichochukuliwa chumbani. Tasnia haiwezi kuitetea hakimiliki mbele ya mchuuzi wa diski, ikaidharau mbele ya yule aliyekibuni kisa.

Wapo wasemao kwamba mtayarishaji ndiye abebaye hasara: hukodi kamera, hulisha watu, na pengine asirudishiwe hata nauli. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hayo ni kweli. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba mwenye mtaji apate faida, haithibitishi kwamba apate kila kitu milele. Watu wa pwani wanaijua arubuni. Huko Marekani mtayarishaji huweza kulipa kiasi kidogo ili aushikilie muswada kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja au mwaka na nusu. Muda ukipita naye hakuununua, haki hubaki kwa mwenyewe. Wala huko haki hazikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 2023 waandishi waligoma siku 148, tangu Mei 2 hadi Septemba 27, wakidai malipo bora kutoka kwa makampuni ya mtandaoni na kinga dhidi ya akili mnemba.

Wengine husema muswada hubadilika sana kwenye upigaji, hivyo mwandishi hana lake. Wapenzi wa ushairi wataicheka hoja hii. Mwimbaji wa taarabu hurefusha kiitikio, hurudia mshororo, huongeza madaha. Je, wimbo umeacha kuwa wa mtunzi? Mwana Kupona, mwaka 1858, aliiweka nasaba yake na mwaka wa utunzi ndani ya beti zenyewe. Muyaka bin Haji alifariki 1840, na diwani yake ikachapwa 1940. Kwa miaka mingi watu wa Mombasa waliyabeba mashairi pamoja na jina la mwenyewe. Vifua vya watu viliweza. Itakuwaje tasnia yenye kamera na kompyuta ishindwe kuandika jina moja mwanzoni mwa filamu? Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ya 1999, ilipogeuzwa filamu na Amil Shivji na kuoneshwa Toronto mwaka 2021, jina la mwandishi lilisafiri nayo. Lakini Adam Shafi alikuwa na jina tayari. Uungwana wa tasnia hupimwa kwa yule asiye nalo.

Kinachodaiwa si kikubwa. Mkataba uwe wa maandishi, kwa Kiswahili ambacho mwandishi anakielewa. Utaje muda, na matumizi ambayo haki imetolewa. Jina la mwandishi lionekane. Filamu ikiuzwa mara ya pili, au ikizaa tamthilia ya vipindi mia, naye apate fungu. Dola nayo isijitie usingizini. Tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, Tanzania Bara imejipa mamlaka ya kuuangalia muswada kabla filamu haijapigwa, kwa kuchelea maadili. Basi kumdhulumu mtunzi si uvunjaji wa maadili? Mwombaji wa kibali na alete, pamoja na muswada, mkataba uliotiwa saini na aliyeuandika. Asiyekuwa nao asipewe kibali. Hapo kijana wa Mkiwa atakuwa na wa kumtetea kabla kalamu haijagusa karatasi.