Homa Isiyoisha kwa Mwenye Ugonjwa wa Moyo Isiitwe Malaria



Ndugu msomaji, huku kwetu, kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, Liuli na Lituhi katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kila homa ina jina moja tu: malaria. Si ajabu, kwani mbu wa ziwani tunawajua. Lakini mazoea haya yana hatari yake, na leo tuitazame hatari moja ambayo ni nadra kutokea, ila ikitokea huua haraka.

Tuchukulie mfano wa kijana mvuvi wa usipa. Utotoni aliambiwa kuwa ana ugonjwa wa moyo. Sasa ana homa wiki ya tatu, anatoka jasho usiku, anapungua mwili na kazi imemshinda. Amemeza dawa ya malaria mara mbili bila kupimwa, kisha akanunua dukani vidonge vya rangi mbili vya siku tatu. Asubuhi moja anashika kichwa kwa maumivu makali, anatapika, upande mmoja wa mwili unalegea, anaanguka. Wapo watakaosema amelogwa. Wapo watakaosema ni jini. Wengine watasema ni presha, japo ana miaka 22 tu.

Kilichotokea chaweza kuwa hiki. Moyo una vali, yaani milango inayofunguka na kufunga ili damu ipite upande mmoja. Vali iliyoharibika ni mahali pepesi kwa bakteria kujishikiza. Wakishaingia katika damu, kwa mfano kupitia fizi au jino bovu, huota juu ya vali na kufanya vipande laini kama uchafu ulioganda. Kipande kikimeguka, damu hukibeba hadi katika mshipa mwembamba wa ubongo na kukwama humo. Bakteria hula ukuta wa mshipa, ukuta unalegea na kutuna, mfano wa tyubu ya baiskeli mahali ilipochoka. Mwisho hupasuka, na damu humwagika ndani ya ubongo.

Jambo hili si geni kwa matabibu. Mwaka 1885 Daktari William Osler alilieleza katika mihadhara yake jijini London, akaupa uvimbe huo jina la fangasi kwa sababu ya umbo lake. Leo inajulikana kuwa mara nyingi mkosaji ni bakteria. Na tuseme kweli: watu wengi wanaovuja damu ubongoni huwa na presha ya kupanda, na uvimbe huu wa maambukizi ni sehemu ndogo tu. Lakini wenye vali mbovu tunao, na wengi wao ni vijana.

Vali hizo ziliharibikaje? Mara nyingi mambo huanzia kooni. Mtoto wa shule anaumwa koo na mafindofindo kwa sababu ya bakteria, hatibiwi, kisha kinga ya mwili wake inageuka na kuushambulia moyo. Ugonjwa huu unazuilika, na mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi kupambana nao. Mtoto aliyekwisha kuupata huandikiwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili koo lisimrudie na kuzidi kuharibu vali.

Hapa ndipo lilipo lawama langu kwetu sisi wazazi. Mtoto akipata nafuu tunaacha sindano. Msimu wa kahawa tunasema hakuna wa kumpeleka. Ramadhani tunasema itamfunguza. Jamani! Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah mwaka 1997 na kuamua kuwa sindano ya dawa isiyo ya lishe haifunguzi. Basi udhuru huo umekwisha.

Lawama ya pili ni dawa za dukani. Vidonge vya siku tatu haviwezi kumaliza maambukizi ya vali. Tiba yake ni dawa ya mshipa, kwa kawaida wiki nne hadi sita, na wengine huhitaji upasuaji. Vidonge hivyo huwapunguza tu bakteria, hata damu ikipelekwa kuoteshwa maabara wasionekane. Mgonjwa anapata nafuu ya uongo, na daktari anapotezwa njia.

Tufanyeje basi? Mwenye ugonjwa wa moyo akipata homa ya zaidi ya siku chache, apimwe malaria kwanza. Kipimo kikisema hana, asimeze dawa ya kubahatisha. Aende hospitali, aseme wazi: "Nina ugonjwa wa moyo na homa haiishi." Neno hilo moja humfanya daktari asikilize moyo na achukue damu kabla ya kumpa dawa. Ikibidi, aombe rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa Songea, na kutoka huko hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Akiumwa kichwa ghafla au kulegea upande, msimpe aspirini nyumbani, kwani huzidisha kuvuja kwa damu. Kumsomea dua ni jambo jema, lakini isomwe gari likiwa njiani kwenda hospitali.

Na kinywa tusikisahau. Mtume wetu (s.a.w.) alitilia mkazo mno mswaki, nasi tunautumia kwa swala huku tukilea meno yaliyooza miaka nenda rudi. Sunna haijakamilika kwa kijiti mfukoni. Jino bovu litibiwe, na mwenye ugonjwa wa moyo amwambie daktari wa meno kabla ya kung'olewa.

Mwili ni amana. Msikiti wenye uwezo wa kuchangia sanda hauwezi kushindwa kuchangia nauli ya mtoto mmoja kufuata sindano yake kila mwezi. Tuanze na huyo mmoja, Ijumaa hii.

Wabillahi tawfiq.