Boila Hazikuwa Salama kwa Hiari

Makala iliyodai kwamba milipuko ya boila ilikomeshwa na wavumbuzi peke yao, na kwamba sheria zilikuja baadaye kujichukulia sifa, inaangushwa na tarehe. Kweli, George Babcock na Stephen Wilcox walipata hataza yao mwaka 1867: maji yalipita ndani ya mabomba membamba na moto ukawa nje, hivyo bomba moja likipasuka si lazima jengo zima liende nalo. Lakini tarehe 20 Machi 1905, boila kuukuu iliyowekwa kama akiba ililipuka katika kiwanda cha viatu cha Grover, Brockton, jimboni Massachusetts, ikatoboa paa na kusababisha vifo vya watu 58. Kasoro ilikuwa kwenye mshono, pale bati moja la chuma linapolalia jingine na kukazwa kwa ribiti. Ufa ulijificha humo, jicho la mkaguzi lisiuone. Ubunifu bora ulikuwapo sokoni miaka mingi. Hakuna aliyelazimika kuitupa boila ya zamani.

Mtetezi atasema bima ingetosha. Kampuni ya Hartford ilikagua na kukatia bima boila tangu 1866, na ilisaidia, sikatai. Ila bima humbana anayeikata tu. Massachusetts ilitunga sheria mwaka 1907, kisha wahandisi mitambo wa Marekani, kupitia chama chao cha ASME, wakachapisha mwaka 1915 kanuni za chuma, mishono na vali za usalama. Baadhi ya watengenezaji, tena wenye ujuzi, walizipinga kwa sababu ya gharama.