Jina la Nyoka Liandikwe

Rejesta inapoandika "kuumwa na nyoka" na kuishia hapo, imemfaa karani kuliko mgonjwa. Nailenga hoja hii kwenye mwambao wa Liuli, wilayani Nyasa, kwa sababu ya nyoka mmoja mdogo ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona.

Wanasayansi humwita Proatheris superciliaris. Wilhelm Peters alimweleza kwa mara ya kwanza katika karne ya 19, kutokana na nyoka aliyepatikana Msumbiji. Ni wa jamii ya kifutu, ila ni mwembamba, na kwa kawaida urefu wake ni kama nusu mita. Huishi kwenye nyasi za mabonde yanayofurika, akila vyura na panya wadogo. Amerekodiwa Msumbiji, Malawi na, kwa upande wetu, katika tambarare za kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Liuli ipo katikati ya maeneo hayo. Ramani isiyo na alama hapo hainiridhishi kwamba nyoka huyu hayupo. Yawezekana alionekana, akauawa kwa jembe, na habari yake ikaishia shambani.

Tabibu ana sababu ya kujali. Taarifa za kitabibu za watu walioumwa naye, wakiwemo wafugaji wa nyoka huko Ulaya, zinaeleza damu kushindwa kuganda na figo kuharibika. Hakuna dawa ya sumu iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili yake. Anayemdhania kuwa kifutu mchanga atautazama uvimbe wa mguu na kuusahau mkojo.

Alama za meno hazimtambulishi nyoka. Huyu hutambulika kwa gamba kubwa juu ya kila jicho, mithili ya nyusi, mabaka meusi kichwani, na rangi ya manjano au chungwa chini ya mkia. Jina la kienyeji nalo liandikwe kama mgonjwa alivyolitamka, iwe ni kwa Kinyasa au Kimatengo, ingawa jina moja huweza kubeba nyoka watatu. Mahali na saa viongezwe: majarubani au mlimani, usiku au mchana.

Matibabu hayasubiri jina. Mililita 2 za damu ya mshipa katika chupa ya kioo, safi na kavu, zikiachwa bila kutikiswa kwa dakika 20, zitaonyesha kama damu inaganda. Kiasi cha mkojo kipimwe kila siku, na rufaa itolewe kabla mkojo haujakatika.

Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka miongoni mwa magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, lakini hesabu huanzia kwenye rejesta ya zahanati. Kwa ndugu wa mgonjwa: msimfukuze nyoka. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali inatosha. Ikiwa ameshauawa, aletwe ndani ya ndoo yenye kifuniko, akisukumwa kwa fimbo ndefu, kwa maana hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma.