Diski Iliyokawia Si Diski Iliyokufa

Leo nimekuja na hasira, mnivumilie.

Juzi niliitwa na mteja mmoja hapa Nairobi. Seva yake ya Linux ina diski mbili kwenye RAID 1, yaani kila kitu huandikwa kwenye zote mbili ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Diski moja ilikuwa imeondolewa kundini miezi mitatu kabla, bila mtu kugundua. Fundi aliyenitangulia alisema imekufa, akaweka mpya. Wakati wa kunakili, ile iliyobaki ikaonyesha sekta mbovu katikati kabisa ya faili ya hesabu. Hesabu za miezi mitatu zikaenda hivyo. Ile "maiti" nikaichomeka kwenye tarakilishi yangu. Inasoma kila kitu isipokuwa sekta moja!

Jamani, diski hii haikufa. Iliuawa na saa.

Diski za kawaida za mezani zinaamini msemo wa kawia ufike. Zikikuta sekta isiyosomeka hurudia na kurudia, wakati mwingine kwa zaidi ya dakika nzima, bila kutamka neno. Kerneli ya Linux nayo, kwa kawaida, huipa amri ya kusoma au kuandika sekunde 30 tu. Zikipita, huacha kungoja na kuanza kutumia nguvu: kuifuta amri, kuianzisha diski upya, hata kukianzisha upya kidhibiti chenyewe, kulingana na draiva. Diski isipoitika bado, inahesabiwa kuwa haipo. Laiti ingesema mapema "sekta hii imenishinda", RAID ingechukua nakala kwa mwenzake, ikaiandika juu ya sekta ile, na hakuna ambaye angejua.

Kuna waandishi wa programu, tena wenye digrii kama yangu, wanaosema: punguza subira iwe sekunde 5, amri ikikwama itume tena. Huo ni uzembe. Amri iliyopitwa na wakati haijashindwa. Wewe tu hujui imefika wapi. Kidhibiti bado kimeshika anwani ya kumbukumbu uliyokipa. Ukiigawa kumbukumbu hiyo kwa programu nyingine kabla ya kuhakikisha amri imefutwa kweli, data iliyochelewa itamwagwa juu ya mali ya mwingine. Hapo hutapata hata ujumbe wa kosa. Utagundua siku mahesabu yasipolingana.

Lawama yangu kubwa lakini ni kwa watengenezaji. Uwezo wa kuiambia diski ikate tamaa mapema upo, unaitwa ERC, na diski za seva huja nao. Kwenye nyingi za bei nafuu hakuna. Mteja wangu angejuaje? Sanduku halisemi, muuzaji hasemi.

Basi, kama una RAID ya diski za mezani, jaribu hii leo, kwa kila diski:

smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda

Hapo diski itasalimu amri baada ya sekunde 7. Ikikataa, iongezee kerneli subira:

echo 180 > /sys/block/sda/device/timeout

Ziweke kwenye skripti ya kuwashia mashine, maana umeme ukipotea na mipangilio hii hupotea. Na umeme wetu mnaujua.