Madaftari yasomwe kabla ya mtihani wa taifa

KILA mara Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo, wazazi, viongozi na waandishi wa habari huanza kuhesabu: shule ipi imeongoza, ipi imeshika mkia. Baada ya wiki chache mjadala hupoa. Jambo ambalo halipewi uzito unaostahili ni ushahidi ulioandikwa na watoto wenyewe miezi mingi kabla ya mtihani, yaani kazi zilizomo katika madaftari yao.

Kata ya Miyuji, kaskazini mwa kitovu cha Jiji la Dodoma, ni mahali pazuri pa kulitazamia suala hili. Januari 2016 ulianza utaratibu wa elimu bila ada. Mwaka huo huo Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Sensa zinaonyesha kwamba Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012, na 3,085,625 mwaka 2022. Watu wakiongezeka, watoto nao huongezeka, na shule za kata za pembezoni mwa jiji ndizo zinazowapokea.

Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani. Akitoa maswali matano, anarudi ofisini na majibu 400 ya somo moja. Akitumia dakika moja tu kwa kila daftari, anahitaji saa moja na dakika 20, na bado hajaandaa somo la kesho. Haishangazi basi kwamba kusahihisha hugeuka kuwa kuweka vema na kosa, sahihi na tarehe.

Hata hivyo, kosa la mwanafunzi lina maana kuliko alama nyekundu inayowekwa juu yake. Mtoto akiulizwa 52 kutoa 38 akaandika 26, hakubahatisha. Ametoa 2 katika 8, kisha 3 katika 5, kwa sababu anaamini kwamba kila mara namba ndogo ndiyo hutolewa katika kubwa. Anajua kutoa, asichokijua ni kukopa kumi. Wanafunzi 30 wakikosa kwa namna hiyo hiyo, tatizo si uvivu wa watoto 30, bali ni sehemu moja ya somo ambayo haikueleweka. Mwalimu aliyehesabu makosa atarudia somo zima. Mwalimu aliyeyasoma atarudia kipengele kimoja, pengine kwa kutumia mafungu ya vijiti kumi kumi.

Ni dhahiri kwamba NECTA yenyewe inatambua thamani ya kazi hiyo, kwani huandaa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Taarifa hizo hurudia mambo yale yale: kutotambua matakwa ya swali, maarifa haba ya mada na, kwa sekondari, udhaifu katika lugha ya Kiingereza. Zina manufaa kwa walimu, lakini zina kasoro moja isiyoepukika. Hufika wakati mtahiniwa aliyekosa amekwisha kuondoka shuleni.

Taifa liliwahi kuonja uchungu wa kuchelewa huko. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Mwaka 2013 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume iliyoongozwa na Profesa Sifuni Mchome kuchunguza chanzo. Lakini udhaifu ulioonekana katika karatasi za mtihani haukuzaliwa siku ya mtihani. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

Nyenzo ya kurekebisha hali hiyo ipo. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) unawataka walimu wakutane shuleni katika jumuiya za kujifunza. Vikao hivyo vingeweza kuanza na madaftari tisa tu ya somo moja: matatu ya wanaofanya vizuri, matatu ya wa kati na matatu ya wanaosuasua. Maswali ya kujadili ni matatu: mtoto huyu anajua nini, amepotea wapi, na Jumatatu tutafundisha nini tofauti?

Kikwazo kikubwa ni hofu. Mwalimu hatafungua daftari lenye makosa mbele ya wenzake iwapo anaamini kwamba atahukumiwa kwalo. Walimu wakuu, maofisa elimu kata na wathibiti ubora wa shule wanapaswa kubadili swali lao. Badala ya kuuliza kama madaftari yote yamesahihishwa, waulize mwalimu amegundua nini na amebadili nini. Aidha, wampunguzie kazi za makaratasi ili apate saa moja kwa wiki ya kufanya hivyo.

Hatua hii haitaongeza madarasa wala walimu, na wajibu wa Serikali katika hayo unabaki pale pale. Lakini mtoto wa Miyuji anayekosea kutoa leo hawezi kungoja tume. Jibu lake lipo tayari mezani kwa mwalimu, katika daftari lake, likisubiri kusomwa.